Koti Lako Juu ya Mawingu

Baba yangu mpendwa,

Tumerudi salama. Naanza na neno hilo kwa sababu wewe ulipenda habari ianze na mwisho wake. Nikikujia mbio kutoka shuleni, ulinizuia mlangoni kwanza na kuniuliza kama kuna aliyeumia. Hakuna aliyeumia, Baba. Bibi yuko uani anachambua maharage, Mama yuko kwenye duka lake la vitenge mtaani Mbugangari, na koti lako limetundikwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Lakini siku ya safari ilikaribia kuwa na mwisho mwingine, na kosa lilikuwa langu. Mama nimeshamwambia. Sasa nakuambia na wewe.

Labda utauliza koti lako lilikwenda wapi. Lilikwenda Ulaya. Shangazi amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza baada ya miaka mingi ya kusubiri, na Bibi aliposikia sauti ya mtoto kwenye simu alisema ni lazima amshike kwa mikono yake. Shangazi akatuma tiketi mbili, ya Bibi na ya mtu wa kumsindikiza. Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi ndiye ninayejua kutumia kipimo chake cha sukari, basi nikachaguliwa mimi. Mama alilishusha koti kutoka kwenye msumari, akalipiga vumbi, akaniambia huko kuna baridi. Siku ya kwanza nilikataa kulivaa. Siku ya pili nililivaa. Mikono yake inafunika vidole vyangu vyote, na mfuko wa kulia bado una doa la wino wa mihuri yako ya forodha.

Unakumbuka safari zetu za Kigali, za kumpeleka Bibi kliniki? Basi lilikuwa likisimama mahali palepale milimani, watu wote wanashuka kununua viazi na mahindi ya kuchoma, na wanakula palepale wakiwa wamesimama. Bibi hakuweza. Mtu mzima hali mbele ya watu, ndivyo alivyolelewa, na mama yake alilelewa hivyo, na miaka yote mliyoishi ukimbizini Ngara, Tanzania, kabla ya kurudi nyumbani haikumbadilisha. Sisi wengine tulikuwa tunasikia njaa tu. Yeye alikuwa anasikia njaa na macho ya watu kwa pamoja.

Basi ulikuwa unampeleka nyuma ya basi, karibu na ukingo wa barabara, unavua koti lako la kijivu na kulikunjua kwa mikono miwili kama mtu anayefungua mlango. Bibi alikaa juu ya jiwe upande wa pili akala viazi vyake na yai lake la kuchemsha. Chumvi ulikuwa nayo mfukoni, ndani ya karatasi uliyoisokota, kipande cha fomu ya zamani ya forodha. Mimi nilisimama pembeni yako nikijiona mlinzi. Abiria walicheka. Siku moja bwana mmoja aliyekuwa anatafuna hindi lake alikuuliza mnauza nini huko nyuma, na wewe hukugeuka hata kidogo.

"Ofisi imefungwa," ukamwambia. "Rudi saa nane."

Ndivyo ulivyowajibu pia wafanyabiashara waliokufuata siku za Jumapili mpaka kwenye lango la kanisa, wakiwa na makaratasi yao ya mzigo uliokwama mpakani. Nyuma ya koti Bibi alicheka mpaka akapaliwa na kiazi. Kisha ukaniambia, "Karani, andika: amekula." Nikaandika kwenye daftari la bluu ulilonipa, saa, kidonge, chakula. Nilikuwa darasa la tano na sikuwahi kupewa kazi kubwa namna ile. Na njiani, Bibi alipokuwa amesinzia, uliniinamia sikioni ukaniambia neno ambalo nilipaswa kulishika kuliko yote: "Bibi yako akisema ameshiba, ujue ana njaa."

Tangu ututoke, miaka miwili sasa, Bibi amekuwa akila chumbani kwake, mlango umefungwa. Jina lako hakulitaja. Nilikuwa namsikia akisali nyakati za asubuhi, na alipofika mahali pako alinyamaza kidogo kisha akaendelea na Shangazi. Na kabla ya safari, majirani walipokuja kumtakia heri, niliwasikia wakimuuliza anakwenda kufanya nini huko mbali na umri wake. Akawajibu kwa utulivu kabisa kwamba anakwenda kumuaga binti yake. Nilikuwa nimebeba sinia la chai. Nilisimama nalo ukumbini mpaka chai ikapoa. Nilijiambia kwamba kazi yangu ni kumfikisha, kumlinda na kumrudisha, na kama Mungu akipenda, kumrudisha akiwa na hamu ya kesho.

Wiki tatu zilikwenda vizuri. Siku ya kurudi ndiyo iliyotaka kutushinda.

Tulitoka kwa Shangazi alfajiri. Ilibidi tupande ndege ndogo kutoka Lyon hadi Brussels, kisha ile kubwa ya kuja Kigali. Jirani wa Shangazi, mwanamume mrefu mpole, alikuwa amejitolea kutupeleka uwanjani kwa gari lake. Alikaribishwa kahawa, akaketi mezani pale pale mbele ya mkate wa Bibi. Shangazi alikuwa anambadilisha mtoto nguo, mimi nilikuwa nimekalia sanduku ili lifungike. Nilipoingia jikoni Bibi alikuwa amemaliza kumeza kidonge chake, na sahani yake ilikuwa tupu.

Nikamuuliza, "Bibi, umekula?"

"Nimekula."

Nikaandika: saa kumi na moja, kidonge, amekula. Sikuwa nimeona. Niliandika nilichoambiwa, Baba, na mkate ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba wake, kwa sababu mgeni alikuwa mezani.

Kwenye ile ndege ndogo waligawa biskuti moja moja. Ya Bibi ikaingia mkobani pia. Brussels tulitembea korido ndefu kama kutoka kwetu mpaka sokoni, nikisoma mabango, nikitafuta herufi na namba ya lango letu, nikihesabu pasipoti kila dakika tano. Nilimwambia nimnunulie mkate wenye nyama. Akasema, "Nimeshiba." Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu mwenyewe na sikukukumbuka. Nilikuwa nakumbuka namba ya lango.

Ndani ya ndege Bibi alikaa dirishani, mimi katikati, na upande wa njia alikaa mama mmoja wa Goma, mfanyabiashara, mwenye kilemba cha njano na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja. Alipogundua tunatoka Gisenyi alifurahi kama tumetoka tumbo moja. Alituambia anatuona kila siku kutoka upande wake wa mpaka, moshi wetu na wake unachanganyika. Bibi alicheka kwa adabu. Kisha akatazama viti vyote vile mbele yetu, watu wakifungua pakiti za karanga hata kabla ya kupaa, akaninong'oneza kwamba hata ng'ombe huwa wanapewa nafasi ya kupeana migongo.

Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho kwa muda. Tulipokuwa juu ya mawingu akanyamaza. Nilidhani anatazama nje. Nilipomgeukia niliona jasho juu ya mdomo wake, na ndani mle kulikuwa na baridi, mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa koti. Nilimuuliza kama anajisikia vizuri. Akanitazama taratibu, akaniita kwa jina lako.

Nilitoa kipimo. Kichupa cha vijiti vya kupimia nilikifungua kwa meno. Namba iliyotokea, kwa kidonge kilichomezwa bila chakula, ilikuwa ya chini kuliko zote nilizowahi kuandika kwenye daftari, na daftari limejaa. Mama wa Goma aliiona sura yangu, akabonyeza kengele ya kumwita mhudumu na kumwambia kwa Kifaransa alete juisi upesi. Juisi ililetwa. Niliiweka mdomoni mwa Bibi. Akafumba midomo akageuza uso.

"Watu," alisema. "Watu wananiona."

Akili yake ilikuwa imeanza kumtoka, lakini haya haikumtoka. Nilimbembeleza. Nilimwambia ni dawa, nikamwambia ni daktari ameagiza, nikamwambia ni mimi. Alisukuma mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua anazo, na nusu ya juisi ikamwagika kwenye pindo la koti. Nikalitazama lile doa likienea kwenye kitambaa cha kijivu, na hapo ndipo ulipokuja, Baba. Sisemi nilikuona. Nasema nilijua cha kufanya.

Nilivua koti, nikapiga magoti juu ya kiti changu, nikalikunjua kwa mikono miwili kati ya Bibi na watu wote wa ndege ile. Kikombe nilikuwa nimemwachia mkononi. Mama wa Goma akaelewa kabla sijamweleza. Aligeuka akatupa mgongo mzima.

"Bibi, kunywa tu," alisema. "Mi siko naangalia. Nimegeuka." Kisha akawageukia vijana wawili wa ng'ambo ya njia waliokuwa wametoa macho. "Na nyinyi, muangalie filme yenu. Iko muzuri."

Nilisali sala fupi sana, haikuwa hata na mwanzo. Halafu nikasikia anameza. Akameza tena. Nilihesabu mara nane.

Sukari ilipanda taratibu, na chakula kilipokuja, alikuwa ameshanijua mimi ni nani na amekwisha kukiri habari ya mkate mkobani, kwa sauti ya mtoto aliyefumaniwa. Nilimwekea sinia lake mbele na kushika koti tena. Alianza kwa kulalamika. Viazi vya ndege havina chumvi, alisema, wamevipika kama vya mgonjwa. Nikamwambia yeye ni mgonjwa. Akaniambia nisimjibu mtu anayekula.

Kisha niliona kitambaa cha koti kikitikisika upande wa chini. Mkono wake ulikuwa umeingia mfukoni, kwa mazoea tu nadhani, mfuko ule ambao chumvi ilikuwa ikikaa. Mfuko umetoboka, sisi wote tunajua, funguo zako zilikuwa zikipotelea humo. Mkono ukaingia kwenye tundu, ukashuka ndani ya bitana mpaka kwenye pindo. Halafu akanipitishia kitu kwa chini ya koti, akakibana kiganjani mwangu.

Kilikuwa kipande cha karatasi kilichosokotwa. Nilikijua kabla ya kukifungua. Nusu ya muhuri wako ilikuwa bado inasomeka. Chumvi ilikuwa imeganda kama kijiwe.

"Ni yake," Bibi alisema. Nikamrudishia, nikasikia anaiparuza kwa ukingo wa uma, kidogo kidogo, juu ya viazi.

Mhudumu alikuwa amefika na gari lake la chai. Aliniona nimepiga magoti kitini, nimekunjua koti kama bendera na machozi yananishuka, akaniuliza kwa Kiingereza kama kila kitu kiko sawa. Kiingereza changu cha shule ni kizuri, mwalimu wangu amesema, lakini sikuwa na sentensi ya jambo lile hata kwa Kinyarwanda. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya koti, kavu kabisa.

"Mwambie ofisi imefungwa. Arudi saa nane."

Nilicheka mpaka nikakaribia kuliangusha koti. Bibi naye alicheka, na sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu siku za viazi vya njiani. Mama wa Goma akauliza ni ofisi gani hiyo iko ndani ya ndege, na Bibi, alipomaliza kula na kujifuta mdomo, alilisukuma koti pembeni akamsimulia. Alimweleza jinsi ulivyozaliwa Ngara ukiwa mdogo kama sungura, jinsi ulivyojifunza kuandika kwa mkaa, jinsi mlivyorudi na godoro moja, na kazi yako ya mpakani, na wafanyabiashara wa Jumapili. Mama wa Goma akasema kumbe alikujua. "Ule bwana wa koti! Alinijazia makaratasi mara mingi. Hakunipigia kelele hata siku moja." Wakaongea juu yako kutoka mawingu ya Ulaya mpaka jangwani. Jina lako lilitajwa mara nyingi kuliko miaka miwili yote. Mimi nilikaa katikati yao nikisikiliza, na sikuandika chochote.

Karibu na kufika walileta chakula cha pili, mkate mdogo na jibini na vipande vya tunda. Nikapiga magoti tena na kunyanyua koti. Nilikuwa macho tangu alfajiri. Koti lako ni zito, Baba, sijui ulilishikaje kwa muda ule wote huku unataniana na watu. Mabega yaliniuma, kisha mikono ikaanza kutetemeka, nikaikaza, ikazidi kutetemeka. Nilimwambia Bibi asiharakishe.

Nikaona vidole vyake juu ya ukosi wa koti. Alikuwa analivuta chini.

"Fungua ofisi, mwanangu," alisema. "Mikono yako inatetemeka."

"Bibi, watu wapo."

"Nawaona. Na wao wanione."

Nililishusha, lakini mpaka begani tu, kwa sababu niliogopa angebadili nia. Hakubadili. Bibi aliketi wima kama yuko kanisani, akatazama mbele, akakata mkate wake vipande vidogo, akala kimoja baada ya kingine mbele ya watu wote wa ndege ile. Hakuna aliyemtazama. Wale vijana walikuwa na filamu yao. Mama wa Goma tu ndiye aliyegeuka, ingawa hakuombwa, akatazama njia kama kuna mtu anamsubiri huko. Nililia kimya kimya nyuma ya ukosi wako. Bibi alipomaliza alikunja kitambaa cha karatasi mara nne, akaniambia nikae vizuri, nitapata kibiongo.

Kigali yalibaki mambo madogo. Ule mkate wa asubuhi na biskuti Bibi alikuwa amevihamishia kwenye mfuko wa plastiki aliopewa na Shangazi, na mimi niliyejua kwamba mifuko hiyo imepigwa marufuku kwetu sikuuona. Askari wa forodha aliuchukua mfuko akamrudishia Bibi mkate na biskuti mikononi, mbele ya foleni nzima. Mama wa Goma aliyekuwa nyuma yetu alisema sasa ofisi imehamia kwenye foleni. Tulilala kwa ndugu wa Mama, na asubuhi tukapanda basi.

Usije ukadhani Bibi amebadilika kabisa. Basi liliposimama mahali petu pa milimani, alishuka, akalielekezea koti kidevu, akaenda moja kwa moja kwenye jiwe lake. Nilikunjua koti. Safari hii mikono yangu ilikuwa imepumzika. Alasiri tukateremka kuingia mjini, ziwa likatokea lote kwa mara moja chini yetu kama kawaida yake, na Bibi akaniambia niamke nilitazame, ingawa sikuwa nimelala.

Mama alisoma ukurasa wa siku ile kwenye daftari nilipomweleza kosa langu. Hakunigombeza. Alinipa kalamu tu, akaniambia nirekebishe. Nilifuta neno moja nikaandika: "alisema amekula." Mfuko wako ameushona, lakini Bibi alimkataza asilitundike koti kabla karatasi ya chumvi haijarudishwa ndani. Imebaki kidogo, ya safari mbili au tatu.

Jana majirani walikuja kutupokea. Yule aliyeuliza kabla ya safari aliuliza tena kama Bibi alifanikiwa kumuaga binti yake. Bibi akamjibu kwamba hakupata nafasi. Mtoto anakuja Gisenyi akianza kusimama, alisema, na kutembea atamfundisha yeye mwenyewe, hapa hapa uani, kwa hiyo anapaswa kuitunza miguu yake. Nilikuwa nimebeba sinia la chai. Safari hii chai ilifika ikiwa moto.

Na jioni alipika yeye. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Alikaa nasi mezani, Mama na mimi, tukazungumza habari za mtoto mpaka sufuria ikabaki tupu. Kabla ya kulala nilifungua daftari la bluu nikaandika mstari wa siku, kama ulivyonifundisha, ila nimeuongezea neno moja:

Saa moja jioni. Kidonge. Amekula. Nimemwona.

Pumzika, Baba. Koti nitalishika mimi.

Binti yako,
karani